Besi inapotelea wapi

Kijana anayepiga besi kwenye kwaya yetu alinisubiri mlangoni baada ya mazoezi, simu mkononi. "Anko, hebu ona hii." Ilikuwa picha ya gitaa la besi la kuagizia, nyuzi tano, shingo imeunganishwa kwa mistari ya mbao nyeusi na nyekundu, vitufe vitano kifuani. Kwa bei yake ungepata bodaboda mbili na hela ya mafuta ikabaki. Alikuwa ameshaanza kudunduliza. "La kwangu halisikiki," akasema. "Kwenye sebene wenzangu wote wanasikika, mimi vinaonekana vidole tu vikicheza."

Tukarudi ndani. Nikamwomba achomeke gitaa lake kwenye amplifaya ya pale, ile ndogo yenye spika moja ya inchi 10, kisha apige uzi mnene wa tano ukiwa wazi, vitufe aviache anavyoviweka siku zote. Kitufe cha besi kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Akapiga. Nikamwambia aweke kiganja mbele ya lile tundu la mviringo chini ya spika. Upepo ulikuwa unatoka pale kwa vishindo, upepo wa kuzima mshumaa. Tukamulika kwa tochi ya simu nyuma ya wavu: koni, ule uso wa spika unaotetemeka, ilikuwa inaruka mbele na nyuma kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Na sauti? Kama mtu anayepiga godoro chumba cha pili.

Gitaa lilikuwa limefanya kazi yake. Amplifaya nayo pia. Noti ilipotelea ndani ya boksi, na humo ndimo besi nyingi zinamopotelea huku sisi tukihangaika na mbao na wati.

Kazi ya kusukuma hewa

Uzi wa E kwenye besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. B ya chini kwenye besi ya nyuzi tano ni kama hezi 31. Spika inatoa sauti kwa kusukuma hewa, na kadiri noti inavyoshuka ndivyo hewa inavyotakiwa kuwa nyingi. Ukishuka oktavu moja, yaani mitetemo ikipungua nusu, koni lazima isafiri mara nne ya mwanzo ili sauti ibaki na ukubwa ule ule. Kutoka E hadi B, hatua ndogo tu kwa mkono wa kushoto, safari ya koni inakaribia kuwa maradufu. Spika moja ya inchi 10 haina nafasi ya safari hiyo.

Sasa lile tundu. Linafanya kazi kama chupa ya soda unapoipuliza mdomoni: hewa iliyomo ndani ina noti yake. Mtengenezaji hupanga ukubwa wa boksi na urefu wa bomba la tundu ili noti hiyo iangukie pale ambapo spika yenyewe imeanza kuchoka, tuseme hezi 50 au 60, na hapo tundu linaibeba spika kwelikweli. Chini ya hapo msaada unakatika. Hewa ya ndani haiishiki tena koni, inaingia na kutoka tu, na koni inabaki ikipepea bila mshikaji. Ndicho tulichokiona kwa tochi. Kitufe cha besi kilichofika mwisho kilikuwa kinamimina nguvu mahali ambapo haiwezi kugeuka sauti. Inageuka joto, na siku moja inageuka spika iliyochanika. Boksi lililozibwa pande zote, lisilo na tundu, huanza kupoteza noti za chini mapema zaidi, lakini hupoteza polepole, na hewa iliyofungiwa ndani inaishika koni kama springi.

Zamani ukubwa wa maboksi haya ulikuwa wa kukisia na kujaribu. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, aliandika hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, hata leo mtu anaingiza namba chache za spika kwenye programu na kujua boksi liwe na lita ngapi. Nalitaja hili kwa sababu mafundi seremala wetu wanachonga maboksi mazuri sana kwa macho, kona zimekaza, kapeti limekaa, ila fundi asipopewa namba za spika anafuata kipimo cha boksi aliloliona kwingine, lililotengenezwa kwa spika nyingine. Kuna na sheria moja isiyokwepeka, inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani: boksi dogo, noti za chini kabisa, na kelele kubwa kwa wati chache, utapata mawili, la tatu utaliacha. Muuzaji anayekuahidi yote matatu anauza kitu kingine.

Friji lisilofika chini

Hapa ndipo watu wanapobishana nami. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT: kichwa cha amplifaya cha wati 300 kinachoendeshwa kwa valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka, chenye uzito unaopita kilo 35, pamoja na boksi la spika nane za inchi 10. Rolling Stones walizunguka nayo Marekani mwaka huo huo ikiwa bado ya majaribio. Boksi lenyewe wanamuziki wanaliita friji, kwa umbo na kwa mgongo wa anayelibeba: toleo la kawaida la siku hizi linazidi kilo 60. (Jina Ampeg, kwa anayependa mambo haya, limetoka kwenye ule mguu wa chuma unaosimamisha besi kubwa ya kusimama. Everett Hull alichomeka maikrofoni humo miaka ya 1940.) Kwa wapiga besi wengi duniani, friji ndiyo maana ya neno besi.

Soma sasa karatasi ya mtengenezaji. Friji linaanza kuporomoka kwenye hezi 58. Likifika 40 limeshapoteza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa maneno mengine, boksi la besi linaloheshimiwa kuliko yote linaipiga noti ya chini kabisa ya gitaa la nyuzi nne kwa shingo upande.

Kinachotuokoa ni kwamba uzi haupigi noti moja. Uzi wa E ukiupiga unatoa 41, na pia 82, 123, 164 na kuendelea, na mara nyingi ile 82 ina nguvu kuliko 41 yenyewe. Ubongo ukizisikia hizo za juu unaujaza msingi uliokosekana. Ndiyo maana wazee wetu walisikiliza muziki wa dansi kwenye redio za mkononi zenye spika ya ukubwa wa kikombe cha chai, na bado walikuwa wanaimba mistari ya besi kwa midomo. Spika ile haikuwahi kutoa hezi 41 hata siku moja. Besi inayosikika katikati ya magitaa matatu, kinanda na tumba inaishi zaidi kati ya hezi 80 na 250, na kishindo cha kidole kinakaa juu zaidi ya hapo. Kijana wetu alikuwa ameongeza pale pasiposikika na kupunguza pale panaposikika.

Friji pia linafuta ule uvumi kwamba spika ya inchi 15 ni ya besi na ya inchi 10 ni ya sauti kali. Piga hesabu ya eneo: kumi mara kumi mara nne ni 400, kumi na tano mara kumi na tano ni 225. Spika nne za inchi 10 zina uso mkubwa kuliko moja ya 15, na uso ndio unaosukuma hewa. Kipenyo peke yake hakikuambii noti ya chini itafika wapi. Spika na boksi lake vinaamua kwa pamoja.

Uvumi mwingine: kwamba wimbi la E lina urefu wa mita 8 na kidogo, kwa hiyo lazima usimame mita 8 mbali ndipo "lifunguke". Urefu huo ni wa kweli, hitimisho si la kweli. Lingekuwa la kweli, hedifoni zisingetoa besi kabisa. Besi inabadilika ukitembea ukumbini kwa sababu kuta zinarudisha mawimbi, mahali pengine yanaungana na mahali pengine yanauana. Na anayesimama mita moja mbele ya boksi lililo sakafuni anayapigia magoti yake. Sauti kali inapita chini ya kiuno, masikio yanabaki na mvumo. Liinamishe boksi lielekee usoni, au liweke juu ya kreti ya soda, kisha ndipo ugombane na vitufe.

Stika ya wati

Kila aliyewahi kununua sabufa anajua ile stika: wati 3000 PMPO, kwenye kitu kinachokula umeme wa balbu mbili za zamani. Vifaa vya besi haviongopi kwa kiwango hicho, ila wati zinatupumbaza kwa njia nyingine. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, ambazo sikio linazitambua lakini haliruki. Kutoka wati 300 hadi 500 ni desibeli 2 na kidogo. Ili usikie sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi.

Namba ambayo haiandikwi kwenye stika kubwa ni ile ya wepesi wa spika: inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Boksi la 94 na boksi la 100 yanaweza kufanana sura na bei. La pili linafanya kwa wati 100 kile ambacho la kwanza linakifanya kwa 400. Ukiongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza kwenye amplifaya ya transista inayoliruhusu, noti za chini hupanda kwa karibu desibeli 6, kwa kuwa uso umeongezeka na amplifaya nayo inatoa nguvu zaidi. Ndiyo maana mimi husema hela ya kwanza iende kwenye boksi, ya pili kwenye amplifaya, ya tatu kwenye gitaa. Wengi wetu tunaanzia mwisho, maana gitaa ndilo linaloonekana kwenye picha.

Neno "inayoliruhusu" linatuleta kwenye omu, ambazo ni ukinzani wa boksi dhidi ya umeme wa amplifaya. Boksi moja la omu 8 ni omu 8. Mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa kawaida ni omu 4. Mawili ya omu 4 ni omu 2. Amplifaya ya transista iliyoandikwa "4" nyuma haitaki kitu chini ya 4: kadiri omu zinavyopungua ndivyo inavyotoa umeme mwingi, mpaka inajizima kwa joto ikiwa na bahati, au inaungua ikiwa haina. Ukichanganya boksi la omu 8 na la omu 4 unapata 2.67, na lile la omu 4 linakula theluthi mbili ya nguvu yote. Ya valvu ina tabia yake: nyingi zina kitufe cha kuchagua omu nyuma, na usiiwashe kamwe bila boksi, kwani transfoma yake ya kutolea inaweza kufa kwa kukosa mzigo. Na waya wa kutoka amplifaya kwenda kwenye boksi si waya wa gitaa, hata kama plagi zinafanana kama mapacha. Wa gitaa una uzi mwembamba mmoja katikati. Upitishie mamia ya wati, utausikia unapata moto mkononi.

Volti

Nina kosa langu hapa. Ndugu yangu aliyeko Marekani aliniletea amplifaya ya besi ndani ya sanduku la nguo, imefungwa kwa jinzi mbili. Mimi kwa kimuhemuhe nikakata plagi ya miguu miwili bapa, nikafunga yetu ya miguu mitatu, nikawasha. Hatukusikia mlio wowote. Tulisikia harufu. Fundi alipoifungua alinionyesha kapasita zimevimba kama maandazi, akanigeuzia kifuniko cha nyuma bila kusema neno. Kiliandikwa volti 120, hezi 60. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240, zote hezi 50.

Amplifaya nyingi za leo ni za daraja D: kichwa cha kilo mbili au tatu, kinaingia kwenye mfuko wa gitaa, na karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme kinachokula zinakwenda kwenye spika badala ya kupasha hewa joto. Pamoja na sumaku nyepesi za neodimiamu zilizoanza miaka ya 1980, ndizo zilizouponya mgongo wa mpiga besi. Baadhi zinakubali volti 100 hadi 240 zenyewe, baadhi zina swichi, baadhi zinahitaji transfoma ya kushusha, na mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Jibu liko nyuma ya kifaa kwa maandishi madogo, ambayo mimi sikuyasoma.

Na kabla ya kununua chochote, jiulize watu wanaisikia besi kutoka wapi. Kwenye ukumbi wenye fundi mitambo, gitaa linaingia kisanduku cha DI, kile kinachoandaa mawimbi yake kwa ajili ya mikisa, linakwenda kwenye mikisa, linatokea kwenye spika kubwa za nje. Amplifaya yako jukwaani ni ya kwako na ya mpiga ngoma. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi zisizo na idadi za Motown mjini Detroit, studio alichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Gitaa lake maarufu lilikuwa Fender Precision ya 1962, la dukani, lenye nyuzi za zamani zenye uso laini alizokuwa hapendi kuzibadilisha.

Gitaa la kuagizia

Leo Fender alitoa Precision mwaka 1951 huko Fullerton, California, na akili yake yote ilikuwa ya kiwandani: ubao mmoja, shingo inayofungwa kwa skrubu, inchi 34 kutoka daraja hadi kichwa cha shingo, kitu cha kutengenezwa mamia kwa mamia. Gitaa la kumtengenezea mtu mmoja lilikuja baadaye, kwa watu ambao kiwanda kiliwabana. Alembic ya California ilianza kutengeneza besi zenye saketi zake ndani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpiga besi Anthony Jackson alitaka nyuzi sita, na fundi Carl Thompson akamtengenezea mwaka 1975. Mwaka uliofuata mpiga besi Jimmy Johnson akapata ya nyuzi tano yenye B ya chini kutoka Alembic.

Kwetu wazo hili lilichelewa kwa sababu nyingine kabisa. Bendi nyingi za dansi Tanzania zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, kuanzia 1983. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga besi alifika jioni akakuta gitaa linamsubiri, na akihama bendi aliliacha. Nani aagize gitaa la kipimo cha mkono wake?

Unacholipia ni nini basi? Cha kwanza ni mkono: unene wa shingo, uzito begani kwa saa nne za harusi, kilo nne au tano na nusu. Hapo hela inajibu. Cha pili ni urefu wa uzi. Ukitoka inchi 34 hadi 35, uzi ule ule kwa noti ile ile unakaza kwa asilimia 6 tu, tofauti ambayo uzi mnene kidogo unaweza kuileta kwa bei ya chakula cha mchana. Dingwall wa Kanada wanakwenda mbali zaidi, freti (vile vyuma vya shingoni) za mshazari, B ya inchi 37 na G ya 34. Hiyo ni asilimia 18 kwenye B, na unaisikia. Cha tatu ni saketi yenye betri, kitu ambacho Music Man StingRay ilikiingiza viwandani mwaka 1976. Inasaidia, ila ukiacha waya umechomekwa usiku kucha betri inaisha, na inaisha Jumapili.

Cha nne, mbao, ndicho kinachouza magitaa na ndicho ninachokiamini kidogo. Pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inasikiliza chuma cha uzi. Mahali ilipokaa, nusu inchi mbele au nyuma, panabadilisha sauti kuliko jina la mti. Lakini uzuri ni uzuri. Ile mistari myeusi kwenye picha ya kijana ilikuwa wenge, mti wa misitu ya Kongo, ambao pamoja na bubinga Warwick wa Ujerumani wamejijengea nao jina. Mpingo wetu nao unatumika kwenye ubao wa vidole, mgumu kiasi kwamba msumeno unalalamika. Jamii nzima ya mpingo pamoja na bubinga iliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017, kisha vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikalegezewa mwaka 2019.

Kijana alisikiliza yote haya akiwa amekaa juu ya lile boksi dogo. Tukaazima futi ya seremala tukapima gitaa lake la bei ya chini: inchi 34 kamili. Jumapili ile alilipiga kupitia boksi la kuazima la spika nne za inchi 10, limeinuliwa juu ya kreti mbili, kitufe cha besi kikiwa katikati. Kwenye sebene mpiga tumba aligeuka kuangalia sauti ile inatoka wapi.